Vuai Mwana wa Nani

4 Agosti
Karafuu zimeiva mapema mwaka huu. Silima amepita asubuhi na pikapu yake kutukumbusha kwamba zimeiva, kana kwamba sisi tunaoamka chini yake hatuna macho. Shamba ni lake, mikarafuu ni yake, na ardhi iliyobeba nyumba yetu ni yake pia. Babu yangu alikuja kutoka bara kuchuma karafuu za babu yake, akaonyeshwa mahali pa kujenga banda kwa muda, na muda huo haujesha mpaka leo. Tumezaliwa hapa na tunazeekea hapa, na bado nikishuka Tumbe kununua samaki nasikia nyuma yangu, "Yule ni katika wale watu wa bara wa shamba la Silima."

7 Agosti
Tumechuma. Mikono inanuka karafuu mpaka kwenye wali.

11 Agosti
Vuai amepiga simu kutoka Kongo, alikopelekwa na jeshi. Sauti inakuja na kukatika.

"Mama, munachuma?"

"Tunachuma."

"Baba asipande juu. Mwambie achambue na nyinyi wanawake, asione haya."

Baba kwake ni mume wangu Masoud. Baba yake wa kumzaa, kaka yangu Rajab, alianguka kwenye mkarafuu wa shamba hili hili Vuai akiwa hajajua kusoma, na hakuamka tena. Basi kila msimu simu ni hiyo, Baba asipande.

Akanichekesha. Anasema wenzake kambini wanamwita Mpemba. "Mama, n'mezaliwa Pemba, naitwa ntu wa bara. Nimevuka maji kwenda bara, ndio nikawa Mpemba!" Nimecheka mpaka Masoud akauliza kuna nini. Nilipomhadithia hakucheka.

12 Agosti
Mvua ndogo ya asubuhi. Tumeanua majamvi, tumeyaanika tena.

15 Agosti
Safaa, jirani yangu, ameniuliza Vuai anarudi lini. Nikamwambia kabla ya Mfungo. Akasema basi tumtafutie mke. Tumewapanga wasichana wa kijiji kizima na kuwapangua, na kila mmoja tumemtia kasoro.

20 Agosti
Vuai amekufa.

21 Agosti
Jana sikuweza kuandika zaidi ya hapo. Leo najilazimisha.

Nilikuwa kwenye jamvi nachambua. Sheha alikuja mbele, nyuma yake wanajeshi wawili. Niliona buti kabla ya sura zao, nikajua. Sikusimama. Niliendelea kutenga karafuu na makonyo, vile vijiti vyake, karafuu huku, makonyo huku, na yule kapteni akasimama juu yangu amevua kofia, hajui aanze vipi. Kijana wa bara, mwenye adabu. Akasema wameshambuliwa wakiwa doria. Akasema Koplo Vuai Rajab alikuwa askari mzuri. Nikamwambia, "Najua, nimemlea mimi," kisha sijui kilichofuata. Safaa anasema nilipiga ukelele mpaka wachumaji wakashuka mitini.

Baadaye kapteni alikaa barazani na Masoud, akawa anamuuliza habari za familia, kwa ajili ya wasifu utakaosomwa kwenye maziko. Asili ya familia ni wapi. Baba ni nani. Mama mzazi ni nani.

Masoud aliniangalia, nami nikamwangalia.

"Kwa hiyo mama mzazi ni wewe?" kapteni aliniuliza kwa upole.

Kabla sijajibu Silima aliingia, amevaa kanzu ya Idi. Nani alimpelekea habari upesi namna ile, Mungu anajua. Alimkumbatia Masoud, mtu ambaye kwa miaka yote humpa salamu akiwa ndani ya gari. Akamwambia kapteni, "Afande, hayo ya nani kamzaa nani ni mambo ya zamani. Weye andika kijana wa hapa. Sote tumemlea."

Sote! Sijawahi kumwona akimpa Vuai hata embe lililoanguka.

22 Agosti
Mwili uko Dar es Salaam. Wanasema kuna heshima za kijeshi kwanza. Kwetu maiti hailazwi, huzikwa siku ile ile, lakini huyu ni wa serikali na sisi tunasubiri tu. Wanawake wamejaa ndani, wanaume nje. Kahawa imekwisha mara mbili.

23 Agosti
Silima ametuma mtu kuuliza nani anazigeuza karafuu zake juani. Matanga yapo, watu wamekaa na misahafu, yeye anauliza karafuu.

24 Agosti
Wacha niandike lisilosemwa hapa, maana wote wanaolijua wana sababu ya kunyamaza, na mimi pia.

Mama mzazi wa Vuai ni Mize. Mize ni dada yake Silima, wa baba mmoja mama mmoja. Alimpenda kaka yangu Rajab, mchumaji wao, na hakulificha. Baba yao alikuwa mtu laini, akawaozesha kwa ndoa ya halali, na mimi ndiye niliyepika wali wa harusi. Mzee alipofariki, Silima akarithi shamba na kauli ya mwisho. Alimwita Rajab chini ya mikarafuu akampa mambo mawili achague, ama mke ama nyumba ya mama yake. Mama yetu alikuwa mgonjwa kitandani. Rajab akatoa talaka.

Mize alichukuliwa, mtoto akiwa bado ananyonya. Aliozeshwa Tibirinzi kwa Abdulsamad, mwenye duka, mtu wa heshima, na Abdulsamad akaambiwa kuwa mtoto wa ndoa ya kwanza alifariki. Mimi sikujaaliwa kuzaa. Nilimchukua Vuai nikamlea kwa maziwa ya ng'ombe na uji, na usiku alilia akimtafuta mama yake mpaka akasahau na akaanza kunitafuta mimi. Mize hakurudi hata siku moja. Nilimchukia kwa hilo, na bado namchukia.

Kijiji kizima kinajua. Kinanyamaza kwa sababu hakuna nyumba hapa isiyosimama kwenye ardhi ya Silima.

25 Agosti
Mwili unafika kesho. Nimemvuta Masoud nyuma ya jiko.

Maiti wetu akishafukiwa, mwalimu hukaa kichwani mwa kaburi akamsomea talakini, yale maneno ya kumtayarisha kwa malaika. Humwita kwa jina lake na la mama yake. Si la baba, la mama. Fulani mwana wa mama fulani, watakujia wawili, usiwaogope, wakikuuliza Mola wako nani, jibu hivi. Mwanamke hayupo pale kusikia, yuko nyumbani, lakini jina lake ndilo linalotajwa juu ya udongo.

Nikamwambia Masoud, "Shehe Zubeir akiuliza mama yake nani, sema Rahila."

"Nke wangu," akasema, "hilo si langu wala lako."

"Nani alikesha naye kwa surua? Nani alimsomesha?"

"Weye. Lakini hukumzaa."

Hajawahi kuniambia neno hilo tangu anioe. Nilimwacha pale pale na sufuria mkononi.

26 Agosti
Tumemzika.

Waliomleta ni askari, sanduku limefunikwa bendera. Niliomba nimwone uso. Kapteni akainamisha kichwa akasema, "Mama, haifai." Nikaweka mkono juu ya sanduku. Mbao zilikuwa za moto kwa jua la njiani. Hiyo ndiyo ruhusa niliyopewa, kugusa ubao.

Watu walikuwa wengi kuliko Idi. Waheshimiwa wamekuja na magari ambayo barabara yetu haijawahi kuyaona. Wasifu ulisomwa kwa kipaza sauti, tukausikia kutoka ndani. Amezaliwa kijijini hapa. Amelelewa na jamii yake. Jamii! Mimi ndiyo jamii. Kisha Silima akasimama kutoa shukurani, sauti ikimtetemeka. Kijana wetu, fahari yetu, alicheza kwenye shamba hili. Alicheza kweli, na siku aliyookota karafuu zilizomwagika, Silima alimcharaza bakora mpaka akashindwa kukaa. Hilo hakulisema.

Mize alikuwepo. Alikuja na mawifi zake wa Tibirinzi, eti familia ya mwenye shamba imekuja kutoa pole. Nilimjua alipovuka kizingiti. Alikaa karibu na mlango, buibui limefungwa hadi kidevuni, akachukua ungo akaanza kuchagua mchele pamoja na wengine. Hakulia. Wanawake ambao hawakumjua Vuai hata kwa jina walilia, yeye alichagua mchele. Nilitamani kumtoa nje kwa mkono.

Wanaume walipoondoka na jeneza, aliniuliza, bila kuinua macho, "Alikuwa akipenda kula nini?"

"Chakula," nikamjibu.

Tukasikia bunduki zikipigwa makaburini. Ungo ulimdondoka, mchele ukamwagika wote, na mawifi zake wakamcheka kwa woga wake.

Mvua ikanyesha ghafla. Hakuna aliyekumbuka majamvi.

27 Agosti
Nimemuuliza Masoud alisomewa vipi. "Kasomewa vizuri," akasema, akaenda kutazama karafuu zilizolowa. Zimeharibika.

2 Septemba
Tumerudi mitini. Mikarafuu haina matanga.

9 Septemba
Silima amekuja kuomba picha ya Vuai ndani ya gwanda, anataka kuitundika barazani kwake. Nikamwambia hatuna. Ipo juu ya kabati, na alikuwa ameipa mgongo.

28 Septemba
Hitima ya arobaini tumeisoma leo, wachumaji wakiwepo. Baada ya kula, Shehe Zubeir alikuja kwenye pazia la ua kuniaga. Ni mzee wetu, ndiye aliyemfundisha Vuai juzuu ya kwanza. Nikaona nikiacha leo sitauliza tena.

"Mwalimu, ulimwita kwa jina la nani?"

Nikasikia tasbihi zake zikigongana.

"Bi Rahila, nilimwita kwa jina la mama yetu sote."

Kwanza sikuelewa. Nilidhani ni maneno ya kufariji. Kisha nikaelewa. Asiyejulikana mama yake huitwa mwana wa Hawa. Ndivyo wanavyoitwa wanaookotwa ufukweni bila jina. Vuai mwana wa Hawa!

"Mwalimu, weye ulikula wali wa ndoa ya Mize!"

"Nilikula. Nikauliza mbele ya watu, mama yake nani? Kwa sheria nimsubiri ntu wake aseme. Mjomba wake kasimama pale, kaangalia viatu. Mumeo kamwangalia mjomba. Abdulsamad wa Tibirinzi yu pembeni yao, kashika sepetu. Nikauliza tena. Kimya. Maiti hasubiri, Bi Rahila, na waheshimiwa walikuwa na ndege yao."

"Na weye ukaogopa nini?"

 Nyumba yake na chuo chake cha Kurani pia vimo kwenye shamba.

29 Septemba
Siongei na Masoud.

1 Oktoba
Siongei naye.

3 Oktoba
Amesema mwenyewe, tukiwa tunachambua, bila mimi kumuuliza. "Ningesema Mize, tungelala wapi? Na ningesema Rahila, ningemdanganya maiti. Nikakaa kimya." Machozi yalimdondokea kwenye karafuu. Niliona ni mzee. Nikamsogezea kanga yangu ajifute. Mtu niliyemwona jabali kwa miaka yote alisimama kaburini kwa mtoto wetu akaangalia kama Silima ataruhusu. Namhurumia, lakini heshima ile niliyokuwa nayo kwake siioni nikiitafuta.

10 Oktoba
Mvua. Tumeanua, tumeanika, tumeanua.

11 Oktoba
Mvua.

17 Oktoba
Leo nimekwenda Tibirinzi. Nilivaa buibui jipya. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno, jinsi nitakavyomwambia Abdulsamad barazani kwake, mbele ya binti yao Suhaila na mbele ya majirani wakiwepo, kwamba yule askari aliyemshikia sepetu ni mwana wa mkewe. Silima avuliwe nguo mchana. Mize naye auonje uchungu wangu. Kama ni kufukuzwa kwenye shamba, na tufukuzwe.

Abdulsamad mwenyewe ndiye aliyenifungulia. Sikuwa nikimjua mtu huyu. Alipojua natokea kwa kina Vuai alinipa kiti chake, akakaa yeye kwenye mkeka.

"Pole sana, Bi Rahila. Mie nilikuwepo. Mpaka leo linanikera jambo moja. Ntu kufa kwa heshima ile, halafu asiwe na mama wa kutajwa! Nikamuuliza shemegi Silima. Kaniambia mamake alikuwa ntu wa kupita, kamtupa ntoto, kenda zake." Akatikisa kichwa. "Kumtupa ntoto! Hata paka hafanyi."

Mize alikuwa amesimama mlangoni na sinia la kahawa.

Alisikia yote. Sinia halikutikisika. Alikuja akainama, akaweka vikombe, akamimina kimoja kimoja, na mkono wake ulikuwa mkavu na umetulia kabisa. Ndipo nilipoelewa ule mchele na yale macho makavu. Huyu mwanamke amejizoeza. Amefanya kazi hii ya kutotikisika kila siku tangu Silima alipomtoa kwetu, na hakuna aliyemshika mkono, mimi nikiwa wa kwanza.

Maneno yangu yalikuwa mdomoni tayari. Akaniangalia mara moja. Hakuniomba. Alikuwa anangojea tu, kama mtu aliyekwishapigwa anavyongojea kofi jengine.

"Si kweli," nikamwambia Abdulsamad. "Hakutupwa. Mama yake ni mie."

"Astaghfirullah! Sasa pale mbona hawakukutaja?"

"Wanaume walikuwa na wageni."

Akasikitika sana, akanitaka radhi kwa niaba ya wote. Mize akanishika mkono kwa mikono yake miwili, mbele ya mumewe, akasema, "Pole, Bi Rahila. Pole kwa mwanao."

Neno nililolililia msimu mzima nilipewa pale, na mwenye haki ya kunipa. Nililimeza na kahawa na lilikuwa chungu kuliko kahawa.

Alinisindikiza mpaka barabarani. Tulipopita msikiti akaanza kusema, haraka haraka.

"Alikuja dukani. Mwaka juzi, kavaa gwanda. Mie peke yangu nimekaa. Nilimjua kwa vile alivyoinamisha shingo mlangoni, baba yake ndivyo alivyokuwa. Kanunua sabuni. Kasimama. Nikamuuliza, wataka na kitu chengine? Kasema, 'Basi, mama.'" Akavuta pumzi. "Lakini vijana wote wakija dukani huniita mama."

Ningeweza kumwachia wasiwasi huo. Nilitaka, kwa dakika nzima nilitaka.

"Alijua," nikamwambia. "Nilimwambia mie mwenyewe siku anakwenda jeshini. Mama yako yuko Tibirinzi, mke wa mwenye duka. Hakunambia kuwa alikuja."

Mize alikaa chini pale pale kwenye vumbi, na buibui lake zuri. Watu wakapita wakatoa salamu, nami nikawajibu kwa ajili yetu sote wawili, kuwa dada amepatwa na kizunguzungu. Alilia bila sauti, mdomo wazi. Nilimwonea huruma, na nilikasirika kwa kumwonea huruma, maana chuki yangu ilikuwa imenisaidia kusimama.

Sikumwambia alikuwa akipenda kula nini. Nimekumbuka nimeshafika nyumbani. Pweza wa nazi.

24 Oktoba
Silima amepandisha picha ya Vuai barazani. Ameipata jeshini. Wageni wakija anawaonyesha kijana wake.

30 Oktoba
Tumemaliza upande wa juu.

6 Novemba
Karafuu za mwisho zimeingia maguniani. Safaa amenishika mkono mlangoni asubuhi nilipomwambia ninakokwenda. "Mwanamke haendi makaburini, watu watasema." Nikamwambia waseme, wamenyamaza vya kutosha.

Nyasi zimeota juu yake kwa mvua hizi. Nilizing'oa. Nilikaa upande wa kichwani, pale anapokaa mwalimu. Sijui Kiarabu cha talakini na nilijua si kazi yangu, lakini mtu hawezi kuachwa ardhini akiitwa kama asiye na kwao. Nikavuta pumzi nimwite. Ulimi ulikwenda kwenye jina langu wenyewe. Abdulsamad ameshalikubali, Mize amenipa, Vuai mwenyewe asingekataa. Nikaurudisha.

Nikasema kwa sauti, aliyekuwa karibu na asikie, "Vuai mwana wa Mize."

Nikasema mara ya pili, "Vuai mwana wa Mize. Ni mie ninayekwita, shangazi yako."

Akiwa hai sikuwahi kujiita hivyo mbele yake.